Msaada Tumewapa, Zamu ya Kucheza Je?



Likizo iliyopita nilikaa nyumbani Mbagala kwa wiki sita. Dominika moja, baada ya Misa ya pili, nilialikwa kwenye kikao cha halmashauri ya walei ya parokia yetu. Nikakaa nyuma, kama wafanyavyo mafrateri, kusikiliza na kunyamaza. Ajenda ya nne ilihusu uwanja ulio nyuma ya kanisa. Ni uwanja wa vumbi, wenye magoli ya miti na mwembe mmoja pembeni. Pendekezo lilikuwa kuuzungushia ukuta, kujenga fremu nane za biashara upande wa barabara, na eneo litakalobaki kulifanya maegesho ya magari ya kulipia.

Mwenyekiti alieleza kwa haki kabisa. Paa la kanisa halijaisha, fundi anadai, na michango ya jumuiya haitoshi. Mzee mmoja akauliza watoto watacheza wapi. Akajibiwa kwa upole: "Mzee wangu, tumalize kwanza mambo ya lazima. Michezo itakuja baadaye." Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nami nilikaa kimya. Makala haya ni yale niliyopaswa kuyasema siku ile.

Hoja yangu ni moja. Kwa kijana aliye katika hatari ya kupotea, na kwa mtu mwenye ulemavu, mchezo uliopangwa vizuri ni mojawapo ya hayo mambo ya lazima. Parokia inayowapelekea sukari na sabuni, lakini haiwapi nafasi ya kucheza, imewahudumia nusu.

Vizibo na misumari

Mdogo wangu ana miaka 19. Alizaliwa na mtindio wa ubongo. Mkono wake wa kulia hukakamaa, hutembea kwa shida, na maneno yake hutoka polepole kiasi kwamba wageni humalizia sentensi zake kabla hajazimaliza mwenyewe. Ninaandika habari zake kwa ruhusa yake.

Nilipokuwa mtoto, jioni ikifika tulikwenda kucheza chandimu, naye alibaki mlangoni akilia. Mama alituambia tumchukue, sisi tukasema atatuchelewesha. Mara nyingine nilimfungia mlango ili asinifuate. Nimeungama dhambi nyingi tangu niingie seminari, lakini hiyo sikuwahi kuihesabu kuwa dhambi mpaka mwaka huu.

Siwezi kusema kwamba nyumba yetu ilisahauliwa. Wanajumuiya humtembelea kila Kwaresima na kila Desemba. Huja na sukari, sabuni na mchele. Husali, hupiga picha, huondoka. Yeye husema asante. Amekuwa akisema asante tangu ana miaka mitano.

Likizo ile nilikuta jambo jipya. Kijana mmoja wa mtaani kwetu, niliyesoma naye shule ya msingi, alikuwa akija nyumbani karibu kila siku saa tano asubuhi. Kwa miaka kadhaa alitumia unga, na mtaani wanamwita teja hadi leo. Sasa yuko kwenye tiba ya methadoni. Alikuwa amemtengenezea mdogo wangu ubao wa drafti. Kete zilikuwa vizibo vya soda, vingine vikiangalia juu na vingine vikiangalia chini. Kwa kuwa mkono wa mdogo wangu hutikisika na kuvuruga kete, alipigilia msumari mfupi kwenye kila nyumba ya ubao, akatoboa vizibo katikati ili kila kimoja kikae kwenye msumari wake. Hakufundishwa na mtu. Alimtazama mwenzake anavyocheza, akaona tatizo liko wapi.

Mchezo wa kwanza niliouona, mdogo wangu alifungwa. Wa pili akafungwa tena. Alikasirika, akaupiga ubao, akamwambia mwenzake maneno ambayo frateri hawezi kuyaandika hapa. Nikataka kuingilia. Yule kijana akaniambia, "Muache, kaka. Kesho atanifunga." Ndipo nikaelewa kwamba kwa miaka yote hiyo sisi nyumbani tulikuwa tukimwachia ashinde. Hakuna aliyewahi kucheza naye kweli.

Na upande wa pili? Siku za mwanzo mama alikuwa akificha simu kila yule kijana anapoingia. Wiki ya tatu niliikuta simu juu ya meza ikichaji, mama akiwa uani anafua. Hakuna aliyesema kitu. Nadhani kijana yule aliiona.

Sitaki kuwapa hadithi ya muujiza. Kuna siku mbili hakutokea, na aliporudi alinuka pombe. Mkono wa mdogo wangu bado umekakamaa. Lakini kila mmoja wao sasa ana mtu anayemngoja saa tano asubuhi, na hilo hakuna mfuko wa sukari uliowahi kulifanya.

Kengele ya saa kumi

Seminarini kwetu kengele ya michezo hulia saa kumi jioni. Asiyekwenda uwanjani bila ruhusa hutafutwa. Baada ya chakula cha usiku kuna rekreesheni, nayo imo kwenye ratiba sawa na masifu ya jioni. Walezi hutuambia wazi kwamba wanatujua vizuri zaidi uwanjani kuliko darasani: nani anakubali kufungwa, nani hatoi pasi, nani anamtukana mwamuzi. Hakuna mlezi aliyewahi kusema kwamba michezo ingoje mpaka paa la kikanisa litengenezwe.

Basi najiuliza. Kama kwetu sisi, vijana wenye afya, vitanda, walimu na milo mitatu kwa siku, mchezo ni sehemu ya malezi, kwa nini kwa kijana wa Tandale au Tandika uwe anasa?

Mtakatifu Thoma wa Akwino alilifikiria jambo hili. Katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya sehemu ya pili, swali la 168, akijenga juu ya maadili ya Aristotle, anafundisha kwamba roho ya mtu huchoka kama mwili unavyochoka, na kwamba pumziko lake ni furaha, ikiwemo furaha ya mchezo. Anasimulia kisa cha kale cha Mtume Yohane, ambaye watu walikwazika kumkuta akicheza na wanafunzi wake. Yohane alimwomba mmoja wao aliyekuwa na upinde apige mshale, kisha mwingine na mwingine, akamuuliza kama angeweza kuendelea hivyo bila kukoma. Yule mtu akakiri kwamba upinde ungevunjika. Thoma haishii hapo. Anasema kwamba mtu asiyecheza kabisa, na anayewakwaza wengine wanaocheza, ana kasoro ya kimaadili, kwa sababu anakuwa mzigo kwa wenzake. Sijawahi kusikia homilia juu ya kasoro hiyo.

Mwenzangu mmoja darasani alinipinga vizuri. Alisema Thoma anamzungumzia mtu aliyechoshwa na kazi, ilhali kijana asiye na ajira anashinda kijiweni. Huyo amechoshwa na nini mpaka apumzishwe?

Nilifikiri sana juu ya swali hilo. Kijana wa kijiweni amechoka kushukiwa. Akipita karibu na duka, muuzaji anasogeza droo. Akisimama kituo cha daladala, watu wanakumbatia mikoba. Na mtu mwenye ulemavu amechoka kuwa mgonjwa wa kudumu na ombaomba wa kudumu, wa kuambiwa nyoosha mkono, simama, shukuru. Upinde wao nao umevutwa mwaka mzima. Mchezo ndio mahali ambapo kwa saa moja hakuna anayemhurumia mmoja wala anayemshuku mwingine. Wako sawa mbele ya sheria za mchezo, na anayefungwa amefungwa.

Yalianza hospitalini

Wapo watakaosema haya ni mawazo ya darasani. Tuangalie basi yaliyofanyika.

Mwaka 1948, katika hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza, daktari Ludwig Guttmann aliwaandalia wagonjwa wake mashindano ya kulenga shabaha kwa upinde. Walikuwa askari waliojeruhiwa uti wa mgongo vitani, watu ambao siku hizo wengi waliwahesabu kuwa wamekwisha. Washindani walikuwa 16 tu. Guttmann alikuwa ameona kwamba mchezo unarudisha nguvu za mikono na kifua, na zaidi ya hapo unamrudishia mtu sababu ya kuamka asubuhi. Kutoka uwanja ule wa hospitali ilitoka michezo ya Paralimpiki, ambayo ya kwanza ilifanyika Roma mwaka 1960.

Jirani zetu wa Rwanda wana mfano unaogusa pande zote mbili za hoja yangu. Baada ya vita na mauaji ya kimbari ya 1994, watu waliopoteza viungo walianza kucheza mpira wa wavu wa kukaa, ambapo wavu hushushwa na wachezaji hukaa chini. Katika timu ya taifa walikutana watu waliowahi kupigana katika majeshi yaliyokuwa maadui. Timu hiyo ilifika Paralimpiki ya London mwaka 2012. Hakuna mkutano wa hotuba uliowakalisha watu wale pamoja sakafuni kwa saa nyingi kama ulivyofanya wavu ule.

Na kwetu? Mwishoni mwa 2021 Dar es Salaam ilipokea mashindano ya Afrika ya soka la watu wenye ulemavu, yale ambayo wachezaji wa ndani wana mguu mmoja na hukimbia kwa magongo, na kipa ana mkono mmoja. Timu yetu, Tembo Warriors, ilipata tiketi ya Kombe la Dunia la 2022 nchini Uturuki, ikafika robo fainali. Tulishangilia sana. Lakini mchezaji wa timu ya taifa hajifunzi kukimbia na magongo siku ya mechi. Alijifunza kwenye uwanja fulani wa vumbi. Viwanja hivyo ndivyo tunavyovijengea fremu.

Saa zilizobaki

Turudi kwa rafiki wa mdogo wangu. Tiba ya methadoni ilianza Muhimbili mwaka 2011, kisha ikafika Mwananyamala na Temeke. Ni kazi kubwa ya kuokoa maisha. Dawa hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, asubuhi. Kijana yule aliniambia kwamba kunywa dawa hakumsumbui. Kinachomsumbua ni siku yenyewe. Saa nne asubuhi ameshamaliza, hana kazi, na watu pekee wanaomwita kwa jina lake zuri wako kijiwe kilekile alikojifunzia unga. Daktari amemtoa kwenye uteja, lakini hakuna aliyempa mahali pa kukaa mpaka jua lizame.

Don Bosco alikutana na jambo kama hilo Torino katika karne ya 19. Aliwatembelea vijana gerezani, akaona kwamba wengi waliotoka walirudi kwa sababu nje hawakuwa na wa kuwapokea. Akaanzisha oratori, ambamo katekisimu, nyimbo na michezo vilikwenda pamoja. Wasalesiani wako Tanzania tangu 1980. Kwa hiyo hatuhitaji kubuni karama mpya. Tunahitaji kuiamini ile tuliyokwisha kuipokea.

Nchi yetu nayo imekubali. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na ibara ya 30 ya mkataba huo inataja burudani, mapumziko na michezo kuwa haki. Lakini tazama tunavyofikiri. Halmashauri za serikali hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni sheria njema. Hata hivyo inamwona kijana kama mtu wa kukopeshwa mtaji wa bodaboda, na sisi parokiani tunamwona kama mtu wa kuombewa. Asiyejua kufika kwa wakati, kusubiri zamu yake na kukubali kushindwa bila kupigana, mkopo utamshinda pia. Hayo matatu hufundishwa uwanjani bila mahubiri.

Majibu kwa hofu tatu

Hofu ya kwanza ni fedha, na siidharau. Deni la fundi ni deni. Lakini fremu nane zinaweza kukaa upande wa barabara na uwanja ukabaki. Ninachopinga ni maegesho.

Ya pili ni vurugu. Ni kweli, bonanza la vijana la mwaka juzi liliisha kwa ngumi. Tukumbuke lakini kwamba ngumi zilitokana na zawadi ya fedha, na kwamba nusu ya watazamaji walikuwa wamebeti. Bonanza na mchezo wa kutibu ni vitu viwili. Bonanza lina jezi, mshereheshaji, pilau na mgeni rasmi, kisha tunasubiri mwaka mwingine. Mchezo wa kutibu huanza na mtu: anaweza nini, anapenda nini. Kisha mchezo unarekebishwa ili aweze kuingia, kama misumari ile kwenye ubao. Una lengo linalojulikana, kama kuutumia mkono uliolala, kuongea mbele ya watu au kuzuia hasira. Na unarudiwa, siku ileile, kwa watu walewale, huku mtu mmoja akiangalia nani anabadilika na nani anarudi nyuma.

Ya tatu ni usalama, na hii ndiyo nzito kuliko zote. Watoto na watu wenye ulemavu wa akili ni rahisi kudhuriwa. Kwa hiyo lazima kuwe na watu wazima wawili au zaidi kila wakati, ridhaa ya wazazi, mahali pa wazi panapoonekana, na asiwepo anayejitolea kabla hajafahamika. Parokia isiyoweza kutimiza hayo isianze. Nasema hivi kama mtu anayejiandaa kuwa padre, na najua kwa nini nalisema.

Jumatano saa tisa

Napendekeza jambo dogo. Siku moja kwa wiki, tuseme Jumatano saa tisa hadi saa kumi na moja, uwanja wa parokia uwe wa hawa. VIWAWA watoe vijana wawili kutoka kila kanda. Tumwombe ofisa ustawi wa jamii wa kata, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo kama tunaye muumini wa taaluma hiyo, aje mara moja kwa mwezi kutuelekeza. Wanaotaka drafti na bao wakae chini ya mwembe. Mpira wa wavu wa kukaa unahitaji kamba, wavu na turubai. Choo cha parokia kiondolewe ile ngazi moja inayomzuia mwenye kiti cha magurudumu, kazi ya mfuko mmoja wa saruji. Mtu asiulizwe dini. Mbagala yetu ina majirani Waislamu wengi, na mwenye kuja kucheza amekuja kucheza.

Kwa ndugu zangu mafrateri nina ombi la pekee. Tukienda utume, tunapenda kuongoza sala na kugawa vitu, maana hayo mawili tunayaweza. Safari ijayo tukae chini, tuombe tufundishwe mchezo wa mwenye nyumba, na tucheze kwa nia ya kushinda. Papa Fransisko, katika waraka wake Fratelli Tutti wa mwaka 2020, aliwaona watu wengi wenye ulemavu kuwa kama wahamishwa waliofichwa ndani ya jamii zao wenyewe. Mdogo wangu nilimhamisha mimi, kwa kufunga mlango.

Halmashauri ya parokia yetu bado haijaamua kuhusu uwanja. Kikao ni mwezi ujao, nami nitakuwa huku seminarini. Nimemwomba yule mzee aliyeuliza watoto watacheza wapi aulize tena, na safari hii asikubali kujibiwa kwamba michezo itakuja baadaye. Amekubali, kwa sharti kwamba Jumatano ya kwanza apewe nafasi kwenye bao. Mdogo wangu amesema atakwenda naye.